Kitundu Ubavuni mwa Watakoma

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Maana yake ni kwamba kinachomuuma mtu mara nyingi hakitoki mbali. Kimo ndani ya shati alilolivaa kwa mikono yake na kulifunga vifungo yeye mwenyewe. Mtu anayewashwa huanza kwa kumtazama jirani. Humtazama asubuhi, humtazama jioni, humtafutia na mashahidi, na muda wote huo kiroboto anakula taratibu bila haraka, kwa kuwa yeye yuko nyumbani kwake. Wahenga hao hawakuwa na boti za mashine, wala hawakujua tangi la petroli ni mnyama gani. Hata hivyo, kisa cha Nahodha kinaonyesha kwamba shati walilijua vizuri.

Nahodha alikuwa mvushaji. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahauliwa na watu wote isipokuwa mama yake, ambaye alilihifadhi kwa ajili ya kumgombeza. Kazi yake ilikuwa kuvusha abiria kutoka gati la mjini hadi gati la ng'ambo, iliko hospitali kubwa. Kwa miaka mingi aliifanya kazi hiyo kwa makasia, hata mabega yake yakawa mapana kama mlango wa ghala. Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake wa tumbo moja, ambaye naye alikuwa mvushaji. Huyo watu walimwita Kitinda, kwa sababu alikuwa kitindamimba, na kwa sababu hata baada ya kuota ndevu bado alikuwa na uso wa mtu anayetazamia kupewa kipande kikubwa cha nyama.

Mama yao, kwa hesabu yake mwenyewe, alikuwa na watoto wanne: wawili wa tumbo na wawili wa jicho.

"Wa tumbo hawakunipa usingizi usiku," alizoea kusema, "na wa jicho hawanionyeshi mchana."

Utando wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili kama moshi wa kuni mbichi. Ilimbidi avuke mara kwa mara kwenda kupimwa hospitali, na kila alipovuka, alivuka katika boti ya Kitinda. Hapo ndipo kiroboto alipouma. Nahodha aliweza kuvumilia mvua, mawimbi na abiria wanaotapika. Kitu kimoja kilichomshinda ni kumwona mama yake ameketi katika boti ya mdogo wake, kitambaa kichwani, mkono mmoja kwenye ukingo, amestarehe kama malkia aliyezoea.

Kitinda ndiye aliyetangulia kununua mashine. Boti yake ilikuwa ndogo, ubavu wake laini kama yai, na tangi lake la petroli lilikuwa jekundu, la kubebeka, limewekwa tu sakafuni karibu na miguu. Kila asubuhi kabla ya kuondoka aliinama, akazungusha skrubu ndogo iliyokuwa juu ya mfuniko wa tangi, kisha ndipo akavuta kamba ya mashine. Nahodha, akiwa na makasia yake mkononi, aliiona desturi hiyo na kuitafsiri kwa jinsi moyo wake ulivyompa.

"Madaha," alimwambia mkewe. "Anaiamkia mashine shikamoo ili watu wamwone."

Kitinda mwenyewe alikuwa amemwambia kaka yake, bila kuulizwa, kwamba mashine ina tabia zake. "Siku ukipata yako, kaka, niite nikuonyeshe mambo mawili matatu."

"Unionyeshe wewe? Mimi niliyekuwa nakufuta makamasi?"

"Basi nami nikufute japo moja."

Nahodha hakucheka. Msimu haukwisha kabla hajanunua boti yake ya mashine, kubwa kuliko ya Kitinda, iliyotumika lakini imara. Tangi lake halikuonekana. Lilikuwa limefichwa chini ya sakafu ya mbao, na petroli ilimiminwa kupitia mdomo wa chuma ulio juu. Jambo hilo lilimfurahisha mno. Mdogo wake alikuwa na tangi la kuchezea, yeye alikuwa na tangi lenye heshima ya kukaa ndani.

Aliipaka boti rangi kwa mikono yake, uani kwake, huku mkewe akimpelekea maji ya kunywa na maoni. Ilipofika zamu ya ubavu wa kushoto, Nahodha alisimama na kukunja uso. Chini kidogo ya ukingo palikuwa na kitundu chenye upana wa punje ya maharage, kimefunikwa kwa kikofia cha bati kilichoinama kama pua ya mtu aliyekasirika.

"Hiki ni nini?" alisema. "Boti ya Kitinda haina kitu kama hiki."

"Baba watoto, hicho hakikuwekwa hapo bure," alisema mkewe.

"Aliyekitoboa alikuwa amelewa."

"Mlevi hatoboi duara zuri hivyo."

Lakini Nahodha alikuwa amekwisha kuona kwa jicho la moyo wake ubavu ule ukiwa laini kama yai, laini kuliko yai la mdogo wake. Akakifungua kikofia cha bati na kukitupa. Akakijaza kitundu kwa gundi nzito ya kuzibia mbao, akakisugua kwa msasa mpaka kidole hakikuona tofauti. Mkewe alikiokota kikofia, akakifuta vumbi na kukitia katika kopo lake la vifungo, kwa sababu alikuwa mwanamke asiyetupa kitu ambacho mumewe amekitupa kwa hasira.

Juu ya rangi ya samawati Nahodha akaandika jina la boti kwa herufi nyekundu, kubwa, za kusomeka kutoka ng'ambo: WATAKOMA. Herufi ya O iliangukia pale pale palipokuwa na kitundu.

Mama alipoletwa kuipapasa boti mpya, aliuliza imeandikwa nini. Nahodha alitazama huku na huku. Ulimi ukamtangulia.

"Imeandikwa Radhi ya Mama."

Mama akavuta ncha ya kitambaa na kujifuta jicho, ingawa jicho lile lilikuwa limezoea kutoa machozi bila sababu. Tangu siku hiyo alimweleza kila aliyeketi naye gatini kwamba mwanawe mkubwa ameandika boti kwa heshima yake. Watu waliitazama boti, wakamtazama mama, wakaziba midomo yao kwa viganja.

Hata hivyo aliendelea kupanda kwa Kitinda.

Majuma hayakuwa mengi kabla Watakoma haijaanza ugonjwa. Asubuhi iliwaka mara moja, ikanguruma, ikaondoka kwa fahari. Ikifika mbali kidogo, sauti ilianza kupwaya, mashine ikakohoa, ikahema, ikanyamaza. Abiria walitazamana. Nahodha alivuta kamba, akavuta tena, mshipa wa shingo ukamsimama. Kisha, baada ya watu kukaa kimya na kumaliza maombi waliyoyajua, mashine iliwaka tena kana kwamba ilikuwa imesinzia tu, ikaenda kidogo na kulala tena.

Aliutazama mshale wa petroli: tangi lilikuwa na petroli tele. Akabadilisha chujio. Ili kulitoa chujio, ilimbidi achomoe mpira unaotoka tangini, na alipouchomoa alisikia kitu kama mtu anayevuta kamasi, lakini hakukijali. Boti ikapona siku nzima. Nahodha akatangaza gatini kwamba ni chujio. Kesho yake ikazima. Akabadilisha plagi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa kazini akauchomoa tena ule mpira na kuupuliza. Boti ikapona. Akatangaza kwamba zilikuwa plagi. Ikazima tena. Kila dawa ilitibu, na kila dawa iliisha nguvu, jambo ambalo humtia wazimu hata daktari.

Kulikuwa na dalili nyingine. Mwanamke aliyeuza petroli gatini, ambaye kila mtu alimwita Mama Petroli, alikuwa na ugomvi na tangi lile. Kila alipomimina, petroli ilikwama shingoni mwa tangi kisha ikamrukia kifuani.

"Tangi lako linanitemea, Nahodha," alisema huku akijipangusa. "La mdogo wako linameza taratibu kama mtoto aliyeshika ziwa."

Angesema neno jingine lolote duniani, Nahodha angesikiliza.

"Umekuwa msemaji wake?"

"Mimi ni msemaji wa gauni langu. Hili ni la pili."

Lakini Nahodha alikuwa ameacha kusikiliza. Alikuwa akimtazama Kitinda, aliyekuwa akifunga kamba upande wa pili wa gati, huku akipiga mluzi. Mtu ambaye mashine yake haizimi ana haki gani ya kupiga mluzi? Na kwa nini boti ya kaka yake iugue tangu siku zile zile walipoanza kuegesha ubavu kwa ubavu? Wazo liliingia kichwani mwake likiwa dogo, likakuta nafasi kubwa, likakaa na kuita jamaa zake.

"Kuna mtu ananitilia maji tangini," alisema kwa sauti ya watu wote.

Mama Petroli alichota petroli ya tangini kwenye chupa ya kioo, akainyanyua juani. Ilikuwa safi kama machozi.

"Basi ni sukari."

"Sukari?" alisema Mama Petroli. "Watu wanakunywa chai kavu majumbani, akutilie wewe?"

Gati zima likacheka, na Kitinda naye akacheka, kisha akajutia kicheko chake na kusogea. "Kaka, niruhusu niitazame. Huenda ni kitu kidogo."

"Uitazame, au uimalizie?"

Kitinda alirudi kwenye kamba zake. Hakupiga mluzi tena siku hiyo.

Jioni ile Nahodha alichukua hatua ya mtu mwenye hekima nyingi na habari chache. Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakizungushia ndani ya mfuniko wa tangi ili usipitishe hata pumzi ya mdudu, akaukaza mfuniko kwa mikono yote miwili, akaupitishia kipande cha nondo na kuufunga kwa kufuli. Ufunguo akauvaa shingoni. Kabla ya hapo mfuniko ule ulikuwa umelegea kidogo, na ulegevu huo ndio uliokuwa ukimwokoa kila siku bila yeye kujua. Sasa mwizi hakuweza kuingia. Hewa nayo, ambayo haijawahi kuiba kitu cha mtu, ikafungiwa nje pamoja na wezi.

Wakati huo zikaja habari za daktari bingwa wa macho, yule ambaye kuja kwake hospitali ya ng'ambo kulikuwa kwa nadra kama kupatwa kwa jua. Mama aliambiwa afike mapema asubuhi akapasuliwe. Akichelewa, nafasi yake itachukuliwa na mgonjwa mwingine, na hakuna aliyejua daktari angerudi lini. Mama mwenyewe alisema waziwazi kwamba moshi wa machoni mwake ulikuwa umebakiza dirisha dogo sana.

Nahodha alikwenda chumbani kwa mama yake. Alimkuta ameketi kitandani akikunja nguo za kwenda nazo wodini, akizitambua kwa vidole.

"Mama, kesho utapanda boti yangu."

"Nimeshamwambia Kitinda."

"Siku zote ni Kitinda. Mama, mimi nilikuwa wa kwanza kukuita hivyo. Siku moja tu, ya maana, nikukose?"

Mama aliendelea kukunja. "Nasikia boti yako ina homa."

"Imepona. Nimebadilisha chujio leo, na nimeifunga. Hakuna mtu atakayeigusa."

Alimgeuzia uso, ingawa macho yalimtazama pembeni kidogo. "Haya. Nitapanda Radhi ya Mama. Itanipendeza kuingia na jina langu."

Nahodha alitoka mle chumbani akiwa na furaha yenye mwiba ndani yake. Aliukanyaga ule mwiba na kwenda kulala.

Asubuhi hapakuwa na upepo. Mkewe alimshika mama mkono, wakamketisha mbele juu ya mto, na Nahodha akavuta kamba. Watakoma ikanguruma. Walimpita Kitinda akiwa bado anapakia abiria wake, na Nahodha hakujizuia kumpungia mkono, polepole, kama mgeni wa heshima anavyowapungia watu wa kando ya barabara.

"Umeona, mama?"

"Kama ningeona nisingekwenda hospitali."

Walikuwa wamefika katikati kabisa ya maji, mahali ambapo magati yote mawili huonekana madogo kwa usawa, mashine ilipoanza kupwaya. Ikakohoa. Ikanyamaza. Kimya kilichofuata kilikuwa na sauti ya maji yanayolamba ubavu, na mkondo, bila haraka, ukaanza kuwarudisha walikotoka.

Nahodha alivuta kamba. Akasubiri, akavuta tena. Siku nyingine kusubiri kulisaidia. Leo kufuli na tyubu vilikuwa vimefanya kazi yao kwa uaminifu, na mashine haikutoa hata kikohozi. Alikishika kifuko cha mpira cha kukamulia petroli iende kwenye mashine, akakikuta kimelala bapa, kimenywea kama mashavu ya mtu asiye na meno. Alikiachia, na hakikujaa.

"Baba watoto," alisema mkewe kwa sauti ya chini, akikishika kifuko kile, "kitu kinavuta na hakipati."

"Kimya. Nafikiri."

Boti ya Kitinda ikawakuta. Ilikuwa imejaa abiria, na wote waliacha mazungumzo yao ili wasikose lolote. Kitinda alipunguza mwendo, akanyanyua kamba.

"Kaka, shika nikuvute. Muda unakwenda."

"Sitaki kamba yako."

"Basi mama ahamie huku. Nitawahi naye."

"Hahami."

"Kaka, ni macho ya mama."

"Na ni nani aliyetaka nishindwe siku ya macho ya mama?" Nahodha alikuwa amesimama, boti ikamyumbisha, naye hakujali. "Nani ananichezea tangi tangu nilipoinunua hii? Umechukua kila kitu. Umezaliwa umenikuta na mama, ukanipokonya. Leo nimempata siku moja, hata hiyo moja umeitilia kitu."

Abiria walitazama maji. Kitinda alishusha ile kamba mapajani mwake, na uso wake wa kutazamia nyama ukawa wa mtu aliyepigwa.

Aliyesema ni mama. Hakupandisha sauti, alimwita tu mwanawe mkubwa kwa lile jina la kuzaliwa, ambalo hakuna mwingine aliyelikumbuka, na mabega mapana kama mlango wa ghala yakashuka.

"Unajua kwa nini napanda kwa mwenzako?" alisema. "Kwake nasikia maji tu. Kwako kila nikipanda namsikia yeye. Kitinda hivi, Kitinda vile, kutoka gati hadi gati. Nikitaka kukaa na wewe, nakukuta hupo. Yupo yeye tu."

Nahodha aliketi.

"Sasa kama kuna kitu kimetiwa humo tangini, fungua tukione. Daktari hanisubiri."

Nahodha akaivua shingoni ile kamba ya ufunguo. Aliivua kwa hamu, kwa kuwa alijua kwamba sasa watu wote, na mama, na mkewe, na abiria wa mdogo wake, watashuhudia. Akafungua kufuli, akachomoa nondo, akauzungusha mfuniko.

Tangi likavuta pumzi. Sauti ilikuwa ndefu, ya mluzi mzito, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji na kukuta bado dunia ipo. Mbao za sakafu zikalia. Chini yao tangi likapiga kishindo, likirudisha mashavu yake mahali pake. Kile kifuko cha mpira kikajaa chenyewe mkononi mwa mkewe Nahodha, naye akakiachia kama aliyeshika chura.

"Sauti hiyo naijua," alisema mama.

Aligeuza uso upande aliko Nahodha.

"Ulipozaliwa mwenzako, wewe ulikuwa ukimwona ananyonya unabana pumzi. Unakaa kwenye kona, umejivimbisha, mpaka midomo inageuka rangi. Nilikuwa namweka mtoto chini nije nikupulize usoni. Ukipumua, unapumua hivyo hivyo."

Kitinda alikuwa ameinama juu ya ukingo wa boti yake, akiutazama ubavu wa Watakoma kutoka mwisho hadi mwisho. Alipouliza, aliuliza kwa upole, na upole huo ndio uliouma.

"Kaka, kitundu cha kupumulia kiko wapi?"

"Kitundu gani?"

"Tangi likitoa petroli ni lazima liingize hewa, la sivyo linajinyonga. Langu lina skrubu pale juu, naifungua kila asubuhi. Lako limefichwa chini, kwa hiyo lazima lina kitundu ubavuni. Huwa na kikofia kama pua."

Kidole cha kati cha Nahodha kilikikumbuka kile kitundu kabla ya kichwa chake. Kilikumbuka gundi, na msasa, na ulaini wa yai. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitazama mbali kwa makini sana, kama mtu anayehesabu ndege, na kwa wema mkubwa hakutamka neno kuhusu mlevi na duara zuri.

Palikuwa na njia ya kusema hakijui. Boti ilikuwa kuukuu, aliyeiuza hakuwapo, lawama ingeweza kupandishwa mgongoni mwake ikasafiri salama. Nahodha aliiona njia hiyo. Kisha akamwona mama yake, uso umeelekezwa upande wa ng'ambo asiyoiona, mikono imeshika ukingo, akisubiri.

"Nimekiziba mimi," alisema.

"Umekiziba?"

"Nilitaka ubavu wangu uwe kama wako."

Kwenye boti ya Kitinda mtu mmoja alianza kucheka, akakanyagwa mguu na jirani yake. Nahodha alichukua bisibisi, akalala kifudifudi juu ya ukingo, mkewe akimshika mkanda wa suruali asitumbukie. Akaichoma herufi ya O katikati. Rangi nyekundu ikabanduka, ya samawati ikafuata, kisha vipande vya ile gundi iliyokuwa ngumu kama jiwe. Alichoma na kuzungusha, jasho likimdondoka majini, hadi bisibisi ilipopenya na O ikawa O ya kweli, yenye mdomo wazi.

Akaukaza mfuniko. Akakikamua kifuko cha mpira mpaka kikawa kigumu. Akavuta kamba.

Watakoma iliwaka na haikuzima tena mpaka ng'ambo. Kitinda alikwenda kando yake njia yote, mwendo ule ule, si mbele wala nyuma, na Nahodha kwa mara ya kwanza hakumtaja. Mama alisikia maji tu. Walimfikisha mlangoni kwa daktari wakati muuguzi anamwita, kila mwana ameshika mkono mmoja, na mama akasema wamwachie japo mmoja wa kujikunia pua.

Mama alibaki wodini, macho yamefungwa bandeji. Nahodha alikuwa na muda huo tu. Aliipandisha boti nchi kavu na kuifuta kwa msasa ile WATAKOMA, akapaka rangi mpya, akaandika RADHI YA MAMA kwa mkono uliokazana. Mkewe alifungua kopo lake la vifungo, akatoa kile kikofia cha bati bila hotuba yoyote. Kilipofungwa mahali pake, pua ile ikaonekana imepungua hasira.

Siku ya kurudi mama alishuka kwenye gati la ng'ambo akitembea kama mtu anayekanyaga nyumba ya wengine, akivitazama vitu kimoja kimoja. Aliwatazama wanawe kwa muda mrefu, akamwambia Kitinda amenenepa na Nahodha kwamba ana mvi. Kisha akaisogelea boti, akasoma jina lake, akatabasamu, akainama karibu zaidi. Rangi mpya ilikuwa nyembamba. Chini yake, kwenye mwanga wa asubuhi, mifupa ya herufi za zamani ilionekana.

"Hapa chini paliandikwa nini?"

Mama Petroli, aliyekuwa amevuka na boti ile kuja kumpokea, alipata ghafla kitu cha kutafuta ndani ya mkoba wake.

"Watakoma," alisema Nahodha.

"Akina nani?"

"Watu, mama."

"Watu wana majina."

Nahodha alimtazama mdogo wake. "Nilidhani ni yeye."

"Na aliyekoma?"

"Mimi."

Mama aliweka ncha ya kidole juu ya kile kikofia cha bati, akakipapasa kama alivyozoea kupapasa kila kitu. Akacheka, kicheko kirefu kilichomlazimu ashike ukingo.

"Leo nitarudi na hii," alisema. "Kesho nitapanda ile. Mimi si gunia la kugombewa. Na ukianza kumsema mwenzako, nateremka hapo hapo katikati ya maji, naona sasa, nitajua pa kuogelea."

Kitinda alinyoosha mkono akamsaidia mama kuingia botini, na mama akaushika mkono huo, akaupigapiga, akasema ahsante mwanangu. Papo hapo kitu kikamuuma Nahodha, mahali pale pale pa siku zote. Alikuwa tayari kumtazama mdogo wake. Badala yake alitoa pumzi, akajitazama shati, kwa sababu kikulacho ki nguoni mwako.